Bunduki za Rangi na Kiganja cha Mzee Shija

Tangu niage kazi, vijana wa kambini wakinikuta Mikumi mjini nanunua mahitaji yangu huniuliza swali moja. Hawaniulizi habari za nyati, wala tembo wa Masanze, wala majangili. Wanauliza, "Mzee Ngonyani, eti ni kweli siku ya bunduki za rangi mlipigwa na watu wa jikoni?" Ni kweli. Tulipigwa, tena vibaya, na aliyenipiga mimi alikuwa binti wa mapokezi ambaye hadi siku ile hakuwa ameshika hata manati. Kwa kuwa swali lenyewe haliishi, na kwa kuwa ninyi mnaobaki kazini mnatoka kila asubuhi na bunduki moja na begi moja bila kujua vilianzaje kufuatana, nimeona nikae niandike. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilizaliwa Rudewa, kwenye nyumba za wakata mkonge. Baba alitoka Songea akiwa kijana, akasema atakaa msimu mmoja tu, na kaburi lake liko Rudewa. Nilipomaliza shule mkonge ulikuwa umeshalala, mashine zimekaa kimya, na vijana wa rika langu tulikuwa tunazurura stesheni ya Kilosa kuangalia treni zinazopita. Ilikuwa ndiyo miaka ya ruksa inaanza. Madukani sabuni ilirudi, mitumba ikaanza kuuzwa hadharani, na kila mtu alikuwa na biashara anayotaka kuifungua. Mimi sikuwa na biashara. Nilisikia wilaya inatafuta askari wa wanyamapori, nikaenda, wakaniuliza kama naogopa tembo. Nikasema hapana. Nilikuwa sijawahi kumwona.

Siku ya kwanza nilivaa shati langu zuri nikitegemea kupewa bunduki. Nilipewa mpini wa jembe. Aliyenipa ni Mzee Shija, Msukuma mrefu, mwembamba, aliyekuwa askari zamani kabla ya kuja wanyamapori, mtu wa kusema maneno machache na kuyarudia. Pamoja nami aliajiriwa kijana wa Berega, Elia, Mkaguru, mtoto wa mama aliyekuwa anafua mashuka ya hospitali ya misheni. Elia naye akapewa mpini wake. Tukaambiwa hiyo ndiyo bunduki mpaka mzee atakaporidhika.

"Hii ina risasi," Mzee Shija alisema, akinigonga nao kifuani taratibu. "Saa zote ina risasi. Ukilala, ina risasi. Ukienda chooni, ina risasi."

Tulitembea na mipini ile mjini Kilosa kwa wiki nyingi, watu wakitucheka. Ncha ya mpini ikimwelekea mtu, hata kwa bahati mbaya, ilikuwa lazima umfuate yule mtu, umsalimie kwa heshima yake, umwambie umemkosea. Nimeomba msamaha kwa wauza nyanya, kwa mafundi baiskeli, na kwa shehe mmoja ambaye hakuelewa kabisa nimemfanyia nini. Mara moja ncha ilimwelekea mbuzi wa mama ntilie. Nikadhani mbuzi hahesabiwi. Mzee Shija akasema mbuzi ana mwenyewe, nikaenda kwa mwenyewe. Kwa kuwa Wangoni na Wasukuma ni watani, alinitania kwamba babu zangu walipita Usukumani na mikuki bila kuomba msamaha, kwa hiyo mimi nilikuwa nalipa madeni ya ukoo. Nilimkasirikia sana wakati ule. Leo mkono wangu ukishika hata mwavuli, ncha inaangalia chini.

Tulipopewa bunduki zenyewe tulifundishwa mambo manne, na sikuyaongezea mengi baadaye. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio mpaka moyo umeshaamua. Hupigi usichokiona chote. Risasi ni chache, kwa hiyo unapiga moja na kusubiri uone imefanya nini. La nne lilikuwa ni kiganja. Porini hatukusemeshana. Mzee Shija alikuwa na ishara zake za mkono, na kubwa kuliko zote ilikuwa kiganja kilichofunguliwa, kikikandamiza hewa kuelekea chini, kama mtu anayelaza mtoto. Maana yake kaa hapo ulipo. Usiinuke, usisogee, lolote utakaloliona. Ukiona kiganja, hata kama nyuki wamekuingia kwenye kola, unakaa. Elia nyuki walimwingia kweli, na alikaa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kuliko ya kutisha. Mahindi yakikomaa Masanze, tembo wanashuka, na watu wanatuma ujumbe tufike jana. Tulikwenda kwa baiskeli, bunduki mgongoni, tukakaa pembeni ya shamba na wenye shamba wakipiga madebe. Mara nyingi risasi moja ya juu ilitosha. Mara chache haikutosha, na hapo ndipo nilipojua kwamba bunduki ile kubwa ina kazi moja tu, na kazi hiyo ikianza hairudi nyuma. Nyati aliyejeruhiwa na mitego nilimwona kwa mara ya kwanza kwenye majani marefu upande wa Mkata. Mzee Shija alipiga mara moja, akashusha kiganja, tukakaa chini muda mrefu jua likituchoma, mimi nikiwa na hakika nyati amekufa. Alikuwa hajafa. Alikuwa anatusubiri tuinuke. Kama ningeufuata ujuaji wangu nisingekuwa naandika haya.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Wakati ule majangili walikuwa wameanza kutembea na SMG, zile za kumimina risasi mfululizo, badala ya magobore. Asubuhi moja tulifuata nyayo mpaka kwenye mbuga ya wazi, Mzee Shija mbele, Elia nyuma yake kwenye kichuguu, mimi nikiwa nimezunguka kushoto mbali kidogo. Tulisikia mlio, kisha milio mingi. Mzee Shija alianguka kwenye majani mafupi, mahali peupe kabisa, katikati ya Elia na wale watu. Hakufa palepale. Tulimwona anageuza uso kumwangalia Elia, na mkono wake ukatoka pembeni, kiganja kimefunguliwa, kikikandamiza majani. Kaa. Akarudia. Kaa.

Elia alikaa. Alikuwa karibu naye kiasi kwamba angemfikia kwa kukimbia kidogo tu, na risasi zilikuwa zinamega udongo wa kichuguu juu ya kichwa chake. Mimi nilijibu kwa kupiga nilipoweza kuona, na baada ya muda wale watu waliondoka. Tulipomfikia Mzee Shija alikuwa ameshakata roho. Damu ilikuwa imetoka pajani, na daktari alituambia baadaye kwamba jeraha lile lingefungwa mapema pengine angepona. Alisema kwa nia njema, akieleza tu. Elia alikuwa amesimama pale akisikia.

Wakubwa walisema Elia alifanya sawasawa. Mimi nasema hivyo hivyo mpaka leo, maana angeinuka tungezika wawili, na kwa kubaki hai na bunduki yake alituokoa sisi wawili tuliobaki. Alitii alichofundishwa na mtu aliyemfundisha. Lakini kuna kuwa sawa ambako hakumsaidii mtu kulala. Elia hakulisema jambo lile kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Alilizunguka, kama mnavyozunguka shimo mnalolijua njiani.

Halafu likaja jambo la kupunguza wafanyakazi. Serikali ilikuwa inajipunguza unene, walisema, na wilayani kwetu waliopunguzwa walikuwa wembamba tu. Mimi na Elia tuliondoka siku moja. Yeye alirudi Berega kulima. Mimi nilipata kazi kwenye kambi ya watalii nje ya mpaka wa hifadhi, hii hii mnayoijua, mwekezaji akiwa ndiyo kwanza anajenga mahema yake ya kwanza. Niliajiriwa kuwatembeza wageni kwa miguu, nikiwa na bunduki. Meneja alikuwa Madamu Adela, mwanamke wa Bukoba, mkali wa macho na mpole wa sauti, aliyejua kila shuka limekaa kitanda gani.

Wageni walipoongezeka ikatakiwa bunduki ya pili. Nikamtaja Elia. Mwenzangu huyu alikuwa amefika mahali ambapo nilimwogopea. Nilikuwa nimemtembelea Berega nikamkuta amekaa mlangoni mchana wa kulima, jembe pembeni, anaangalia milima. Mkewe alinivuta kando, akaniambia, "Shemeji, mtafutie kazi ya porini. Hapa anakauka." Nafasi ilikuwa moja, na mwekezaji alitaka kumpa kijana mmoja aliyekuwa mlinzi wa kampuni Dar es Salaam. Madamu Adela alinisikiliza, akasema sawa, aje tumwone.

Wiki hiyohiyo mwekezaji alileta masanduku. Ndani kulikuwa na bunduki za plastiki na chuma chepesi, kila moja na chupa ya gesi nyuma na kikopo juu kilichojaa vidonge vya rangi vikubwa kama gololi. Kulikuwa na vinyago vya kufunika uso na ovaroli za kutosha. Mchezo unaitwa peintiboli. Makampuni ya mjini yalikuwa yameanza kupeleka wafanyakazi wao nje ya ofisi kujifunza kushirikiana, na mwekezaji alifikiri wangelipa vizuri kupigana rangi karibu na Mikumi. Kabla ya wageni, ilibidi tuujaribu wenyewe. Yeye mwenyewe alikuwa amesafiri, lakini aliacha maagizo kwa Madamu kwamba huko ndiko atakakomjua mtu wa bunduki. Anayejua bunduki ya kweli, alisema, ataonekana.

Madamu alitugawa. Watu wa porini upande mmoja: mimi, Elia, walinzi na madereva. Watu wa ndani upande wa pili: jikoni, usafi na mapokezi. Kila upande ulipewa kitambaa cha mezani kukilinda kama bendera; anayepasukiwa na kidonge mwilini anatoka, na upande unaonyang'anywa kitambaa umeshindwa. Uwanja ulikuwa ule msitu mdogo kando ya korongo kavu, mnapoegesha magari sasa. Madamu alishika filimbi.

"Elia," alisema mbele ya watu wote, "leo nakuangalia wewe. Nitakachokiona ndicho nitakachomwambia bosi."

"Sawa, Madamu," Elia alijibu. Nilimwona anakausha viganja kwenye ovaroli.

Watu wa porini tulijiona tumeshashinda. Dereva mmoja aliwaambia watu wa jikoni waage familia zao. Mpishi mkuu akamjibu, "Wewe chakula chako cha mchana nakipika mimi, angalia mdomo."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo lilipo jibu la swali lenu. Kitu cha kwanza kilichonishinda ni kumlenga mtu. Niliinua ile bunduki, nikamwona msaidizi wa jikoni anavuka kati ya miti, na ncha ikateremka yenyewe chini. Nilijiambia kwamba ni rangi. Mkono haukuwa na habari hiyo. Nilipofanikiwa kuuinua tena alikuwa ameshapita na anaimba.

La pili ni risasi. Nilichagua mtu aliye mbali, nikavuta pumzi, nikaishika, nikabonyeza polepole kama nilivyofundishwa. Kidonge kilitoka kwa uvivu, kikapinda kidogo kulia, kikaanguka nusu ya njia. Nikasubiri nione kimefanya nini. Wakati nasubiri, vidonge vingine vilipasuka kwenye mti juu ya kichwa changu, maana wenzetu hawakusubiri kitu. Watu wa ndani walikuwa wanamwaga vidonge kama wanamwagilia mchicha. Hawakulenga. Walielekeza, wakaangalia vinapoangukia, wakasogeza mkono. Kwa bunduki ile hiyo ndiyo njia, na sisi tulioishi maisha yote kwa risasi moja moja tulikuwa tunabana vidonge vilivyojaa ndoo nzima.

La tatu ni kujificha. Mimi kwa miaka yote nilijua kwamba kichaka kinakuficha lakini hakikukingi, kwa hiyo nilihangaika kutafuta shina nene au kichuguu. Watu wa usafi walikaa nyuma ya majani, na majani yakawatosha kabisa, kwa sababu kidonge kikigusa jani kinapasuka. Niliacha mahali pazuri mara kadhaa kwenda kutafuta mahali ambapo pangenikinga na kitu ambacho hakikuwepo.

Kitu kilichotufaa ni macho na kukaa kimya. Niliwaona wote kabla hawajaniona. Nilijua nani yuko wapi kwa ndege walivyoruka. Walinzi wetu wawili walitolewa mapema, madereva walifuata, yule aliyewaambia watu waage familia akiwa wa kwanza, lakini mimi na Elia tulibaki. Elia alikuwa amelala nyuma ya kichuguu akilinda kitambaa chetu, na nikiri kwamba nilifurahi kumwona. Ametulia, kidole nje, macho yanasoma msitu. Mtu yule wa mlangoni Berega hakuwepo. Nilimwangalia Madamu, nikaona naye anamwangalia, na nikajua kazi ameipata kama hatapotea hapo mwishoni.

Mimi nilijilaza kwenye ukingo wa korongo. Nilikuwa nimemsikia mtu anakuja nyuma yangu kwa hatua nyepesi na nikahesabu nitageuka akikanyaga majani makavu. Alikuwa Zuhura wa mapokezi. Alitokea karibu kuliko nilivyotegemea, akanikuta nimelala kifudifudi, na kwa malezi aliyopewa na mama yake, alipokutana na mtu wa umri wa baba yake, akasema, "Shikamoo, mzee."

Nikainua kichwa, nikageuza kifua kumwelekea, nikafungua mdomo niseme marahaba. Akanipiga.

Alipiga vitatu au vinne, vyote kifuani, kwa ukaribu ule. Vinauma kuliko mnavyodhani. Nilirudi nyuma, ukingo ukamegeka, nikaanguka chali ndani ya korongo juu ya mizizi, na pumzi ikanikatika kabisa. Kinyago kilitoka. Nilikuwa natafuta hewa na siipati. Na rangi yenyewe ilikuwa nyekundu. Baadaye niliambiwa kwamba wanaoujua mchezo ule nyekundu huikwepa, lakini mwekezaji alikuwa ameagiza ile iliyokuwa rahisi kupatikana. Ilinijaa kuanzia shingoni mpaka tumboni.

Nikamwona Elia. Alikuwa ameinuka nyuma ya kichuguu chake, ananiangalia kupitia pale ukingo ulipomegeka. Katikati yetu kulikuwa na mahali peupe, na upande wa pili wapishi wote wamejipanga na vikopo vimejaa. Mimi sikuweza kusema. Nilichotaka ni abaki pale, asipoteze kazi kwa ajili ya rangi, kwa hiyo mkono wangu ukafanya kile ulichokijua. Ukatoka pembeni, kiganja kimefunguliwa, ukakandamiza mchanga. Kaa.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Nilipoona uso wake ndipo nilipojua nimefanya ishara gani.

Elia aliitupa ile bunduki na kukimbia. Alipita mahali peupe bila kuinama, na wapishi wakampiga kama walivyotakiwa kumpiga, mgongoni, mbavuni, shingoni, na hakuna hata kimoja alichokisikia. Aliruka ndani ya korongo, akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili kifuani kwangu na kukandamiza kwa nguvu zake zote, mahali palipokuwa na rangi nyingi zaidi. "Nimefika," alisema. "Nimefika, mzee. Tulia. Nimefika." Hakuwa ananiita mimi. Mimi hajawahi kuniita mzee.

Pumzi yangu ilirudi taratibu. Nikamshika mikono. "Elia," nikamwambia, "ni Ngonyani. Ni rangi, ndugu yangu." Aliangalia mikono yake. Akainusa. Rangi ile ilikuwa na harufu ya mafuta ya kupikia. Halafu akakaa kwenye mchanga wa korongo na kulia, mtu mzima, kwa sauti, na mimi nikalia naye, tumelowa nyekundu wote wawili. Huko juu tulisikia mpishi mkuu anashangilia na kitambaa chetu, kisha tukasikia ananyamaza. Zuhura alikuwa amesimama ukingoni, amevua kinyago, anasema samahani, samahani wazee, hata sijui alidhani amefanya nini. Madamu hakupuliza filimbi. Aliwaambia watu kwa sauti ya chini waende wakaoge.

Alitufuata jioni, tumekaa nyuma ya stoo tukijisugua rangi. Nilimweleza habari za Mzee Shija kwa kifupi. Alisikiliza amesimama, kisha akavuta kreti ya soda akakaa.

"Elia," alisema, "bosi ataniuliza. Nimwambie nini? Uliacha bendera, ukatupa bunduki."

"Mwambie hivyo hivyo, Madamu. Bunduki msinipe." Aliongea bila hasira. "Leo nimejiona. Mtu akianguka mbele yangu, nitakwenda. Hata nikiambiwa nikae, nitakwenda. Na mwenye bunduki akienda, wageni wanabaki na nani?"

"Kwa hiyo kazi umeikataa."

"Nimekataa bunduki. Kazi naitaka sana."

Nilifumba macho. Nafasi yenyewe ilikuwa ya bunduki, na nilimwona mkewe amesimama mlangoni Berega akingojea habari. Madamu alikuwa anakwangua rangi iliyokauka kwenye kreti kwa ukucha. Kisha akanigeukia mimi.

"Ngonyani, mgeni akikanyagwa na nyati huko, wewe unafanya nini?"

"Nabaki na bunduki, Madamu. Siwezi kuiweka chini mpaka nijue nyati yuko wapi."

"Na mgeni?"

Kwa miaka yote hiyo, kusema kweli, hakuna aliyekuwa ameniuliza. Hata Mzee Shija hakuliuliza, na ndivyo alivyokufa.

"Basi mlikuwa mnatembea na nusu ya ulinzi," Madamu alisema. Akainuka, akajifuta sketi. "Bunduki ya pili sitaki. Nataka mtu wa kukimbia. Bosi niachieni mimi."

Alivyomshawishi sijui. Yule kijana wa Dar alipewa kazi ya getini na akadumu, alikuwa mtu mwema. Elia alirudi kwao Berega kwa muda, kwenye hospitali ileile mama yake alikofua mashuka, wakamfundisha kufunga majeraha, kuzuia damu na kubeba mtu aliyevunjika. Alirudi na begi la kijani. Kuanzia hapo tulitoka pamoja kila asubuhi, mimi mbele na bunduki, yeye nyuma ya wageni na begi. Wageni walikuwa wanauliza yule bwana asiye na bunduki anatulinda na nini. Nilikuwa nawajibu kwamba yeye ndiye ghali zaidi.

Bunduki za rangi hazikudumu. Makampuni yalikuja misimu kadhaa, gesi ikawa shida kupatikana, vinyago vikaliwa na panya stoo. Mimi sikucheza tena, ila nilikaa pembeni nikiangalia, na niliona wanajeshi wastaafu na walinzi wa benki wakipigwa na makarani kwa namna ileile tuliyopigwa sisi. Kwa hiyo jibu la swali lenu ni hili. Shabaha haihami kutoka bunduki ya kweli kwenda ya rangi. Ujanja wa risasi moja hauhami. Kinachohama ni kile ambacho mtu hakukusudia kukibeba, na hicho kikifika hakiulizi kama ni mchezo.

Elia ametangulia kustaafu kabla yangu kidogo tu, yuko Berega, analima ufuta na anatembea mashambani kwa watu akifunga vidonda vya wajukuu wa majirani. Nilikwenda kumuaga nilipomaliza kazi. Mkewe alitupikia ugali na kunde, akatuacha tuongee. Wakati naondoka nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kukiuliza. Nilimuuliza kama siku ile korongoni alikiona kiganja changu.

"Nilikiona," alisema. "Niliona vyote viwili."

Nasikia mwaka huu meneja mpya anauliza kwa nini matembezi yetu yana watu wawili na bunduki moja, na kwamba baadhi yenu mnaona begi ni mzigo wa mtu asiye na kazi. Mpeni asome haya. Bunduki nimemkabidhi mwenzenu Matayo, aliyechukua nafasi yangu; anajua sheria zake, na akiona kiganja atakaa chini hata na nyuki kwenye kola. Begi liko kwenye msumari wake ofisini. Yeyote mtakayempa, mwelezeni siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha bandeji: mwenye begi haangalii kiganja.